Bei ya Usafi wa Majumbani: Kwa Nini Mshahara wa Mwezi Hauwezi Kuwa Kipimo cha Aliyejiajiri

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kazi ya usafi wa nyumba mijini imechukua sura mbili. Yupo mfanyakazi wa nyumbani aliyeajiriwa na kaya moja kwa mshahara wa mwezi. Yupo pia mwananchi anayetoa huduma hiyo kwa kaya kadhaa: Jumatatu yuko Sinza, Jumatano Mbezi, Ijumaa Tegeta, akiwa na ndoo, dekio na sabuni zake mwenyewe. Huyu wa pili hana mwajiri. Amejiajiri, na swali la kwanza analoulizwa akifika mlangoni kwa mteja ni moja: "Unatoza shilingi ngapi?"

Anayeanza shughuli hii mara nyingi hujibu kwa kutazama nyuma. Hukumbuka mshahara aliokuwa akilipwa alipokuwa ameajiriwa, huugawa kwa siku za mwezi, kisha hutaja kinachopatikana. Wengine huuliza bei ya jirani na kuipunguza kidogo ili wapate mteja. Njia zote mbili zina kasoro inayofanana: hazihesabu gharama ambazo awali zilibebwa na mwajiri na ambazo sasa zimehamia kwa mtoa huduma. Makala haya yanaeleza gharama hizo ni zipi kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara, namna ya kuziingiza katika bei, na wajibu unaomhusu mwananchi aliyejiajiri katika kazi hii.

Mshahara hubeba zaidi ya fedha zinazopokelewa

Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, iliweka shilingi 120,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika kaya ya kawaida asiyeishi nyumbani kwa mwajiri. Viwango vya aina hii hufanyiwa mapitio, hivyo aliyeajiriwa anapaswa kutazama amri inayotumika wakati wake. Hapa kiwango hicho kinatumika kama kipimo cha hesabu tu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, sawa na takriban saa 195 kwa mwezi. Ukigawa shilingi 120,000 kwa saa 195 unapata takriban shilingi 615 kwa saa. Kwa kazi ya saa 4 katika nyumba moja, hiyo ni takriban shilingi 2,460.

Aliyeajiriwa, hata hivyo, hapati kiasi hicho pekee. Sheria hiyohiyo inampa likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo. Inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwanamke aliyejifungua ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Mwajiri huchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kwa ajili yake, na huchangia peke yake Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ili mfanyakazi akiumia kazini asibaki bila msaada. Sabuni, ufagio na dawa ya chooni hununuliwa na mwenye nyumba. Maji yakikatika na kazi isifanyike siku hiyo, mshahara wa mwezi haupungui.

Siku mtu anapojiajiri, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoendelea kulipwa na mtu mwingine. Akiugua wiki moja, wiki hiyo haina kipato. Sabuni ikiisha, ananunua yeye. Kwa sababu hiyo bei ya aliyejiajiri haiwezi kuwa mshahara uliogawanywa kwa saa. Ni lazima ibebe pia likizo, ugonjwa, uzee, vifaa na siku ambazo hakuna aliyempigia simu.

Hesabu ya mfano

Tuchukulie mwananchi wa Dar es Salaam anayeanza kutoa huduma ya usafi. Takwimu zifuatazo ni za mfano. Kila mmoja anapaswa kuweka zake, lakini mpangilio wa hesabu ni uleule.

Kwanza, anajiuliza kaya yake inahitaji kiasi gani kwa mwezi: kodi ya nyumba, chakula, ada na mengineyo. Tuseme shilingi 300,000.

Pili, anaorodhesha gharama za kazi. Tuseme anafanya kazi siku 20 kwa mwezi na kusafisha nyumba 30, kila moja kwa saa 4. Baadhi ya siku anasafisha nyumba moja. Siku nyingine mbili, akizipanga zilizo katika mtaa mmoja. Kila siku anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kwa shilingi 600 kila gari. Gharama zake za mwezi ni hizi:

- Nauli: shilingi 48,000
- Sabuni na dawa za usafi, shilingi 1,300 kwa kila nyumba: shilingi 39,000
- Kuchakaa kwa vifaa, ikiwa vifaa vya shilingi 120,000 vinadumu mwaka mmoja: shilingi 10,000
- Simu na bando: shilingi 10,000
- Tahadhari, iwapo atavunja kitu cha mteja: shilingi 8,000
- Kodi: shilingi 5,000

Jumla ni shilingi 120,000.

Tatu, anaweka kile ambacho mwajiri angebeba. Tuseme shilingi 40,000 za hifadhi ya jamii na matibabu, shilingi 28,000 za likizo na shilingi 12,000 za siku za ugonjwa. Akifanya kazi miezi 11 kwa mwaka, akiba ya likizo itafikia shilingi 308,000, kiasi kinachotosha mahitaji ya kaya kwa mwezi wa kumi na mbili. Jumla ya sehemu hii ni shilingi 80,000 kwa mwezi.

Ukijumlisha 300,000, 120,000 na 80,000 unapata shilingi 500,000. Kiasi hicho kikigawanywa kwa nyumba 30, kila nyumba inapaswa kulipa shilingi 16,667. Akikamilisha, bei yake ni shilingi 17,000 kwa kazi ya saa 4.

Sasa ulinganisho unaonekana wazi. Nauli na sabuni pekee zinamgharimu mwananchi huyu shilingi 2,900 kwa kila nyumba. Iwapo angetumia mshahara wa kima cha chini uliotajwa hapo juu kuwa bei yake, angepokea takriban shilingi 2,460. Angekuwa ametoa shilingi 440 mfukoni mwake ili asafishe nyumba ya mtu mwingine kwa saa 4, bado hajala wala hajaweka akiba.

Hesabu hii humsaidia pia mteja. Anayedhani shilingi 17,000 ni nyingi kwa nusu siku ataona kwamba sehemu inayobaki kwa ajili ya kaya ya mtoa huduma ni shilingi 10,000 tu kwa kila nyumba.

Wateja wakiwa wachache

Miezi ya mwanzo huwa migumu. Tuseme badala ya nyumba 30 anapata 20. Nauli na sabuni zinapungua hadi takriban shilingi 58,000, lakini mahitaji ya kaya, akiba, simu, vifaa, tahadhari na kodi vinabaki palepale. Ili apate mahitaji yake yote, bei ingelazimika kufika shilingi 23,550 kwa nyumba, na huenda wateja wasiikubali.

Akibaki na bei ya shilingi 17,000, atapokea shilingi 340,000. Baada ya kutoa nauli, sabuni, vifaa, simu na tahadhari, atabaki na shilingi 254,000. Hapo ndipo penye hatari. Kwa kuwa chakula na kodi ya nyumba havisubiri, kinachoachwa kwanza ni akiba ya ugonjwa, likizo na uzee. Mtu anaweza kuendelea hivyo miaka miwili akidhani kazi inamlipa, hadi siku atakapougua au kujifungua na kukuta hana chochote.

Suluhisho la nyumba chache ni kutafuta nyumba zaidi, si kushusha bei ya zilizopo. Bei iliyoshushwa ili kumvuta mteja ni vigumu kuipandisha baadaye, kwa sababu mteja ameshaizoea na kuiona kuwa ndiyo thamani ya kazi. Anayetaka kutoa punguzo alitoe kwa sababu inayojulikana na kwa kiasi kinachohesabika. Katika mfano wetu, kukamilisha bei hadi shilingi 17,000 kunaacha ziada ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Ziada hiyo inatosha kuwapunguzia wateja wawili wa kila wiki shilingi 1,000 kwa kila ziara, yaani shilingi 8,000 kwa mwezi. Haitoshi kwa wateja watatu. Pia, mteja anayetoa sabuni zake mwenyewe anastahili kupunguziwa shilingi 1,300, kwa kuwa hicho ndicho kiasi kinachookolewa.

Nyumba ionwe kabla ya bei kutajwa

Nyumba zenye idadi sawa ya vyumba zinaweza kuwa na kazi tofauti kabisa. Kabla ya kutaja bei, mtoa huduma anashauriwa kuitembelea nyumba na kutazama idadi ya vyoo na mabafu, aina ya sakafu, idadi ya madirisha na nyavu zake, ngazi, na kama maji yanatoka bombani au yanachotwa kwenye tangi la nje. Nyumba iliyotoka kujengwa, yenye matone ya rangi na saruji kwenye vigae, au ile ambayo mpangaji amehama, haiwezi kutozwa sawa na nyumba inayosafishwa kila wiki. Usafi wa mara ya kwanza hupangiwa bei yake, na ziara zinazofuata bei nyingine.

Kazi zinazoongezeka nazo zitajwe mapema. Kufua na kupiga pasi, kuosha vyombo vya jana, kusafisha friji kwa ndani na kufagia uwanja ni kazi zinazojitegemea. Migogoro mingi huanza kwa neno "na hiki kidogo", linalotamkwa wakati mtoa huduma ameshafunga mfuko wake. Orodha fupi iliyoandikwa, hata kwa ujumbe wa simu, ikionyesha kazi, siku, saa, bei na namna ya kulipa, inatosha kuwa kumbukumbu ya makubaliano. Ni vyema pia kukubaliana mapema nini kitafanyika mteja akiahirisha asubuhi ileile, kwa mfano kulipa nauli au sehemu ya malipo.

Ipo hali nyingine inayohitaji kusemwa. Mteja mara nyingi humzidi mtoa huduma kwa umri na kwa nafasi. Binti anayeanza na "Shikamoo mama" huona haya kuzungumzia fedha dakika moja baadaye, na mteja naye akisema "Nipunguzie mwanangu", bei hushuka bila hesabu yoyote. Heshima na bei haziko kwenye mizani moja. Inawezekana kumwamkia mtu mzima kwa adabu zote na kumweleza kwa upole: "Mama, bei hiyo ni pamoja na sabuni na nauli." Vilevile, chakula kilichobaki au nguo anazopewa mtoa huduma ni hisani ya kushukuriwa. Si sehemu ya malipo, na hazipaswi kukatwa kwenye bei.

Daftari na kodi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa aliyejiajiri usemi huu una thamani inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi.

Mwananchi anayeanza biashara anatakiwa kujisajili na kupata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku 15. Namba hiyo hutolewa bila malipo. Chini ya utaratibu wa kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo, kwa viwango vilivyowekwa kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Mauzo yakizidi milioni 4 lakini yasizidi milioni 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 100,000 kwa mwaka, ilhali anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4.

Katika mfano wetu, miezi 11 yenye mapato ya shilingi 500,000 inaleta mauzo ya shilingi 5,500,000 kwa mwaka. Akiwa na daftari, kodi yake ni asilimia 3 ya shilingi 1,500,000, yaani shilingi 45,000. Bila daftari angelipa shilingi 100,000. Tofauti ya shilingi 55,000 inatosha kununua karibu nusu ya vifaa vyake vya mwaka mzima. Kodi hii hulipwa kwa awamu nne, na ndiyo maana ni busara kuweka kiasi kidogo kila mwezi badala ya kusubiri awamu ifike. Kwa kuwa viwango vya kodi vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, mwananchi anashauriwa kuvithibitisha katika ofisi ya TRA iliyo karibu naye kila mwaka mpya wa fedha unapoanza, Julai 1.

Daftari lenyewe halihitaji utaalamu. Tarehe, jina la mteja, kazi iliyofanyika, kiasi kilichopokelewa na kiasi kilichotumika vinatosha kuanzia. Baada ya miezi mitatu litaonyesha ni nyumba zipi zinazochukua saa 6 kwa bei ya saa 4. Hapo ndipo panapokuwa na hoja ya kuzungumza na mteja kuhusu kupandisha bei, ikiwezekana kwa kumpa taarifa ya mwezi mmoja.

Kuhusu hifadhi ya jamii, tangu mabadiliko ya mwaka 2018 NSSF ndiyo inayohudumia sekta binafsi na wananchi waliojiajiri, hivyo mtoa huduma wa usafi anaweza kujiunga mwenyewe bila kuwa na mwajiri. Kwa wanaohitaji mtaji wa vifaa, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo hupatikana kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Je, kweli umejiajiri?

Hesabu zote hizi zinamhusu yule aliyejiajiri kweli. Si kila anayeitwa hivyo amejiajiri. Baadhi ya kaya humwambia mfanyakazi kwamba yeye ni "mtu wa kujitegemea" ili zikwepe likizo na michango, huku zikimpangia kila kitu.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinatoa vigezo ambavyo kimojawapo kikiwepo, mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwavyo ni namna anavyofanya kazi au saa zake kuwa chini ya udhibiti wa mtu mwingine. Kumfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kumtegemea mtu huyo kiuchumi. Kupewa naye vifaa vya kazi. Na kumfanyia kazi mtu mmoja pekee.

Chukua mfano wa anayesafisha nyumba moja mara tatu kwa wiki, saa 4 kila mara. Hizo ni takriban saa 52 kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu amefikia kigezo cha saa 45, hata kama kaya hiyo inamwita mtoa huduma. Anayeona kuwa haki zake za ajira zimekiukwa anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Aliyejiajiri ambaye mteja amekataa kumlipa anadai deni la kawaida, na Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza madai ya aina hiyo. Orodha ya kazi iliyoandikwa na daftari la malipo ndivyo vielelezo vyake.

Kanuni hiyo inageuka pia upande wa pili. Shughuli ikikua na mtoa huduma akamchukua msaidizi wa kudumu, yeye mwenyewe amekuwa mwajiri. Kima cha chini, likizo, michango ya NSSF na WCF vinakuwa wajibu wake, na bei yake inapaswa kuhesabiwa upya kabla msaidizi hajaanza kazi.

Mwananchi anayejiandaa kuingia katika kazi hii anashauriwa kufanya hesabu yake mwenyewe kwenye karatasi kabla hajabisha hodi kwa mteja wa kwanza: mahitaji ya kaya, gharama za kazi, akiba ya siku asizofanya kazi, kisha idadi ya nyumba anazoweza kweli kuzifikia kwa mwezi. Akiulizwa bei, atakuwa na jibu analoweza kulieleza, na atajua pia ni kiwango gani akishushwa chini yake ni heri akashukuru na kuaga.